Bando Lipo, Intaneti Haifunguki: Namna ya Kulifikisha Tatizo Huduma kwa Wateja Lisirudishwe

Mtu akinunua mchele akaukuta na mawe, huurudisha dukani na kuyamwaga mawe hayo mezani. Bando la intaneti halina mawe ya kumwaga. Ujumbe wa kuthibitisha ununuzi umeingia, fedha imekatwa, vijiti vya mtandao vimejaa hadi juu, lakini ukurasa unazunguka tu mpaka simu inapata moto mkononi. Na ukipiga 100, mhudumu naye haoni unachokiona, kwa hiyo hukuambia lile aliloelekezwa kumwambia kila mtu, yaani uzime simu, usubiri kidogo, kisha uiwashe.

Nimeyajua haya kupitia simu ya mama yangu mzazi aliyeko Korogwe. Simu yake ilipotea sokoni, akarudishiwa laini yenye namba ileile, akawa anapiga na kupokea vizuri, ila intaneti haikufunguka. Kwa siku tisa tulipiga huduma kwa wateja mara saba, na mara zote saba tulianza upya kama wageni: jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, je, umeshajaribu kuzima na kuwasha? Siku ya kumi binti mmoja wa dukani aliichomoa laini ile, akaichomeka kwenye simu yake mwenyewe, akaona kwamba hata kwake haifungui, na baada ya dakika chache kwenye kompyuta akagundua kuwa laini iliporudishwa, huduma ya data haikuwashwa pamoja nayo. Jaribio lile tungeweza kulifanya wenyewe sebuleni siku ya kwanza.

Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kwa ajili ya mtumiaji aliyeko Tanzania, na namba fupi zinazotajwa ni za Tanzania.

Hatua ya 1: Jua kama mgonjwa ni simu, laini au mnara

Anza hapa hata kabla ya kugusa mipangilio yoyote. Vijiti vya mtandao vinaonyesha tu kwamba simu inausikia mnara. Havisemi kama njia ya data imefunguliwa kwa laini yako. Ndiyo maana mtu anaweza kuongea na simu saa nzima huku intaneti imekufa kabisa.

Tafuta simu ya pili inayofungua intaneti vizuri, ya mtoto, ya jirani au ya mfanyakazi mwenzako, na ikiwezekana iwe na laini ya mtandao uleule unaotumia wewe. Zima simu zote mbili, badilishaneni laini, ziwasheni, kisha zima Wi-Fi kwenye zote mbili ili isije ikawadanganya, na hakikisha data imewashwa. Laini yako ikifungua intaneti kwenye simu ya mwenzako, hitilafu imo kwenye simu yako, na kumpigia mhudumu kutakupotezea muda. Laini yako ikigoma kule, na ya mwenzako ikafunguka kwenye simu yako, basi umeshika ushahidi: tatizo liko kwenye laini au kwenye akaunti iliyo nyuma yake, na hapo hakuna kuzima na kuwasha kutakakosaidia. Zote mbili zikigoma mahali hapo, na jirani wa mtandao huo naye analalamika, tatizo ni la mnara au la mtandao wenyewe.

Angalizo moja: baadhi ya simu zilizonunuliwa nje ya nchi zimefungwa kwa kampuni iliyoziuza huko, hivyo zinaikataa laini yoyote nyingine. Simu ya namna hiyo usiitumie kwenye jaribio hili, kwa sababu itakupa jibu la uongo.

Hatua ya 2: Ondoa sababu zilizo mikononi mwako

Ya kwanza ni bando lenyewe. Liangalie kwenye menyu ya mtandao wako, usome jina lake lote na si kiasi cha megabaiti peke yake, kwa sababu watu wengi hununua bando la mitandao ya kijamii wakidhani ni bando la intaneti. WhatsApp inafanya kazi, YouTube inagoma, na mteja anaapa kwamba mtandao unamwibia. Bando la usiku nalo lina saa zake. Salio la kawaida utaliona kwa kupiga *102#. Namba hiyo haihitaji data, hivyo ikijibu, umeshajua pia kwamba laini yako bado inazungumza na mtandao.

Ya pili, kwenye simu ya laini mbili, ni kuangalia data imeelekezwa kwenye laini ipi. Nimeshaona mtu mzima, msomi, akigombana na mhudumu kwa dakika ishirini kumbe bando liko laini ya kwanza na data inasomwa laini ya pili.

Kisha angalia tarehe na saa. Simu iliyokaa bila chaji kwa muda mrefu inaweza kurudi na tarehe ya miaka iliyopita, na hapo kurasa nyingi zitakataa kufunguka kwa kudai kuwa muunganisho si salama. Angalia kikomo cha matumizi ya data, kwa kuwa Android hukata data yenyewe ukifika kikomo ulichokiweka na kukisahau. Zima VPN, yaani programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva nyingine, kama unayo. Kwenye Android toleo la 9 na kuendelea kuna mpangilio wa DNS ya faragha (DNS ni huduma inayotafuta anwani ya kila tovuti unayoifungua). Ukikuta mtu ameandika humo jina la seva fulani, urudishe kwenye hali ya kujiendesha.

APN inastahili maelezo zaidi, kwa kuwa ndiyo inayosumbua simu zilizotoka nje, modemu na simu zilizofutwa zikaanza upya. Hili ni jina la lango ambalo simu hulitaja inapoomba kuingia kwenye intaneti. Likikosewa herufi moja, au likibaki na nafasi tupu mwishoni, lango halifunguki ingawa simu za kawaida zinapita. Kila mtandao una jina lake, hivyo usinakili la rafiki wa mtandao mwingine. Mwombe mhudumu akutumie mipangilio ya intaneti kwa ujumbe, kisha uikubali na kuihifadhi, au akutajie jina hilo herufi kwa herufi uliandike mwenyewe. Ukimaliza, washa hali ya ndege kwa nusu dakika, uizime, na ujaribu tena.

Kuweka upya mipangilio yote ya mtandao kuwe jambo la mwisho kwenye hatua hii. Kunasaidia, lakini kunafuta nywila zote za Wi-Fi na vifaa vyote vya Bluetooth vilivyokumbukwa na simu, na kama nywila ya Wi-Fi ya ofisini anaijua mtu mmoja aliye likizo, utajuta.

Hatua ya 3: Hakiki laini

Piga *106# ufuate maelekezo, uone laini imesajiliwa kwa jina la nani. Tangu usajili wa alama za vidole ulipoanza mwaka 2019 na laini zisizosajiliwa kwa utaratibu huo kuanza kuzimwa Januari 2020, laini iliyo kwa jina la shemeji, la mwajiri wa zamani au la marehemu ni mtego: siku ukihitaji msaada, mhudumu atataka kuzungumza na mwenye jina, na atakuwa na haki. Mambo ya namna hii yanyooshwe mapema, siku ambayo intaneti inafanya kazi.

Umri wa laini nao ni muhimu. Laini iliyokaa tangu enzi za 2G na 3G huenda isikubali 4G hata kama simu ni mpya na mnara uko ng'ambo ya barabara. Dalili yake ni kwamba simu yako inabaki kwenye herufi H au E juu ya skrini wakati simu ya mwenzako wa mtandao uleule, mkiwa mmesimama pamoja, inaonyesha 4G. Dawa yake ni kubadilishiwa laini dukani kwa namba ileile.

Hatua ya 4: Pima kwa saa na kwa mahali

Kuna intaneti iliyokufa na kuna intaneti iliyozidiwa, na huduma kwa wateja huyachanganya haya mawili kila siku. Jaribu kufungua ukurasa uleule saa kumi na moja alfajiri, saa saba mchana na saa mbili usiku. Ikiwa alfajiri unafunguka haraka na saa mbili usiku hausogei, mnara wako umeelemewa na watu waliorudi nyumbani, na hakuna mpangilio wa simu utakaotibu hilo. Malalamiko ya namna hiyo yataje mtaa, kata na saa, tena yana nguvu zaidi majirani wakilalamika pamoja, kwa sababu mhudumu anaweza kuyapeleka kwa mafundi wa minara badala ya kuhangaika na akaunti ya mtu mmoja.

Hali kadhalika, zipo siku ambazo kosa liko mbali sana na simu yako. Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom iliyo chini ya bahari ilikatika, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na kwa majirani wengine kwa wakati mmoja. Siku kama ile, kumkaripia mhudumu wa simu ni sawa na kumgombeza kondakta kwa sababu daraja limekatika. Ukiona mitandao miwili au mitatu tofauti imelegea kwa pamoja, tulia na usubiri taarifa.

Hatua ya 5: Andika kabla ya kupiga

Chukua daftari au fungua sehemu ya kuandikia kwenye simu, uandike siku na saa tatizo lilipoanza, jambo lililotangulia (ulibadilisha laini? ulinunua simu mpya? ulihama nyumba?), mahali ulipo, aina ya simu, namba ya IMEI (utambulisho wa simu yenyewe) ambayo utaipata kwa kupiga *#06#, bando ulilonunua pamoja na ujumbe wake, na matokeo ya kubadilishana laini. Piga picha za skrini zinazoonyesha saa. Yote haya ni kazi ya robo saa, na utaona faida yake utakapoelekezwa kwa mhudumu wa tatu ambaye hajui chochote kuhusu wawili waliotangulia.

Hatua ya 6: Piga 100, lakini kwa laini nyingine

Hili huwaponyoka wengi. Ukipiga kwa laini yenye matatizo, mhudumu atakuomba uzime simu, na ukizima simu mazungumzo yamekatika, nawe utarudi kwenye foleni ukisikiliza muziki upya. Tumia laini ya mtu mwingine, ila iwe ya mtandao huohuo, kwa kuwa 100 hukupeleka kwa huduma ya wateja ya mtandao unaopigia. Laini yenye tatizo iwe mezani mbele yako, imewashwa, pamoja na kitambulisho cha aliyeisajili na yeye mwenyewe awe karibu. Mimi huchagua asubuhi mapema. Jioni foleni ni ndefu na wahudumu wamechoka kwa kutukanwa.

Salimia, kisha sema jambo lako kwa mpangilio ambao mhudumu anaweza kuuandika. Kwa mfano: "Habari za asubuhi, dada. Nina laini ambayo haifungui data tangu Jumatatu saa tatu asubuhi, siku iliporudishwa baada ya kupotea. Tumeijaribu kwenye simu mbili, zote zimegoma. Laini nyingine ya mtandao huu inafunguka kwenye simu hiyohiyo. Bando lipo na mipangilio ya APN ni ile mliyotutumia. Naomba uangalie kama huduma ya data imewashwa kwenye laini hii. Kama huna uwezo wa kuiwasha, naomba unifungulie lalamiko na unipe namba yake."

Maelezo hayo yanamwondolea mhudumu maswali matano ya kwanza yaliyoandikwa mbele yake. Akisisitiza uzime na uwashe, usibishane. Fanya hivyo papo hapo akiwa bado hewani, kisha mwambie matokeo. Baadhi yao hawaruhusiwi kuvuka swali hilo, na ubishi wako hautabadilisha utaratibu waliopewa na wakubwa wao. Hasira inaeleweka, nami nimewahi kupandisha sauti mpaka mke wangu akatoka nje, lakini sikupata hata megabaiti moja kwa hasira ile.

Kabla ya kuaga, upate vitu vitatu: namba ya lalamiko, jina analotumia mhudumu, na siku pamoja na saa ya kupigiwa. Jibu la "linashughulikiwa" lisikutoshe. Uliza kwa upole, "Linashughulikiwa na kitengo gani, na nikipiga kesho saa nne nitaambiwa nini?" Mara ya pili ukipiga, anza kwa kutaja namba ya lalamiko na si kwa kusimulia tena. Hilo ndilo kosa tulilolifanya kule Korogwe: tulisimulia mara saba, na kwa upande wao yakawa matatizo saba madogo yaliyofungwa siku hiyohiyo, badala ya tatizo moja la siku tisa.

Huku ukisubiri, jihadhari na wanaokutafuta wao. Ukiandika malalamiko hadharani kwenye mitandao ya kijamii, haichukui muda mrefu kabla ya ukurasa wenye nembo inayofanana na ya kampuni kukuandikia pembeni na kuomba namba yako ya siri au tarakimu zilizoingia kwa ujumbe. Mitandao yetu imewatangazia wateja mara nyingi kwamba hupiga kwa namba 100 tu, na hakuna hitilafu ya intaneti inayohitaji namba ya siri ya akaunti yako ya fedha. Ukipata ujumbe wa kitapeli, upeleke kwenda 15040.

Hatua ya 7: Nenda dukani, si kwa wakala wa mwavuli

Tatizo likiwa la laini yenyewe au la akaunti, na siku uliyoahidiwa imepita, nenda duka la kampuni. Wakala wa barabarani anaweza kukusajili na kukuuzia vocha, lakini kwa kawaida haoni huduma zilizowashwa na zilizozimwa kwenye akaunti yako. Chukua simu, laini, namba ya NIDA na daftari lako. Omba jambo moja mahususi: laini ichomekwe kwenye simu ya dukani mbele yako. Wakati wa kuweka kidole, uliza kila mara kidole kinathibitisha nini. Ukiambiwa uweke tena na tena kwa kisingizio kwamba mashine haisomi, piga *106# kabla ya kuondoka, uone kama hakuna laini ngeni iliyosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Wako watu waliopata kesi kwa laini wasizozijua.

Usitoke dukani kabla ukurasa haujafunguka kwa data, Wi-Fi ikiwa imezimwa. Kuambiwa "itafunguka baada ya saa mbili" ni jambo linaloweza kuwa kweli, lakini andika jina la aliyesema na saa aliyosema. Ikiwa bando liliisha muda wake wakati tatizo ni la kwao, omba lirudishwe, na uombe kwa maandishi.

Hatua ya 8: Maandishi, kisha TCRA

Pale ambapo simu na duka vimeshindwa, andika barua au barua pepe kwa kampuni. Iwe ya ukurasa mmoja: namba ya laini, tarehe, namba zote za malalamiko, majaribio uliyoyafanya na matokeo yake, hasara ya bando, na kile unachotaka kifanyike na kufikia lini. Matusi yaache nje, pamoja na historia ya miaka yote uliyokuwa mteja mwaminifu; msomaji wa barua hiyo anatafuta tarehe na namba.

Kampuni isipojibu, au ikijibu isivyoridhisha, lalamiko linaweza kupelekwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Makao yake yako Barabara ya Sam Nujoma, Dar es Salaam, na zipo ofisi za kanda, zikiwemo za Arusha, Mwanza, Mbeya, Dodoma na Zanzibar. Mamlaka itataka kwanza kuona kwamba ulianzia kwa mtoa huduma, na hapo ndipo namba za malalamiko ulizozikusanya zitakapokuwa na thamani kuliko maelezo yoyote. Sheria hiyohiyo iliunda pia baraza la ushauri la watumiaji wa huduma za mawasiliano, ambalo mtu anaweza kuliomba mwongozo.

Hatua ya 9: Ukiamua kuondoka

Tangu Machi 2017 mteja wa Tanzania anaweza kuhamia mtandao mwingine na namba yake. Utaratibu huanzia kwa mtandao unaohamia, si kwa ule unaouacha. Kabla ya kuhama, toa fedha zote kwenye akaunti ya fedha ya simu, lipa mkopo wa salio kama upo, na umalize bando, kwa kuwa vitu hivyo havihami pamoja na namba. Vilevile nunua kwanza laini ya kawaida ya mtandao mpya, uijaribu nyumbani kwako kwa saa zilezile tatu za Hatua ya 4, kwa sababu mtandao unaosifiwa mjini unaweza kuwa hoi mtaani kwenu.

Mama hakuhama. Michango ya kikoba chake inapitia akaunti ya fedha ya namba ile, na wenzake wazee hawataki kusikia habari za mabadiliko. Tulimnunulia laini ya mtandao mwingine, tukaiweka nafasi ya pili, data ikaelekezwa huko, na ile ya kwanza ikabaki ya kupiga na kupokea.